Mchi Uliomgonga Mungu: Hadithi za Uumbaji za Afrika Magharibi

(Haya niliyazungumza Jumamosi ukumbini, Mwanza. Mvua iliwazuia wengi, na simu zimekuwa nyingi za kuomba maandishi. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha. Vicheko nimeviacha viwili vitatu, kwa kuwa hotuba bila watu hainogi.)

Wazee wangu, shikamooni. Akina mama, akina baba, na nyie vijana mliokaa kule nyuma karibu na mlango kama mnaopanga kutoroka, hamjambo?

Hadithi, hadithi!

(Ukumbi: Hadithi njoo! Uongo njoo! Utamu kolea!)

Haya. Tuanze na mama mmoja na mchi wake.

Zamani, wanasema Waakan wa Ghana, Mungu alikuwa jirani. Jina lake Nyame. Anga lilikuwa chini, ukinyoosha mkono unaligusa, naye alikaa juu kidogo tu ya mapaa ya nyumba. Bibi kizee mmoja alikuwa akitwanga fufu kila jioni. Mnaijua fufu? Sisi ugali tunausonga kwa mwiko. Wao muhogo, ndizi au kiazi kikuu wanachemsha kwanza, kisha wanatwanga kinuni mpaka donge linavutika. Niliwahi kupanga nyumba moja na familia ya kutoka Kumasi, huko huko Ghana, na jioni ya kwanza nilipoona kazi hiyo nilifumba macho. Mama kaketi kwenye kigoda, mkono wake umo ndani ya kinu, anageuza donge. Kijana kasimama na mchi mrefu kumpita yeye mwenyewe. Mchi ukishuka mkono umeshachomoka, mchi ukipanda mkono umesharudi. Hawahesabu wala hawatazamani, na wanapiga umbea kama kawaida.

Sasa mchi wa namna hiyo ndio uliokuwa ukimpiga Nyame. Jioni ya leo, du! Akasogea juu kidogo. Jioni ya kesho, du! Akasogea tena. Mwisho akachoka, akaenda zake juu kabisa, huko aliko mpaka leo.

Bibi alipoona Mungu kahama, akawaita wanawe: kusanyeni vinu vyote, mvipange kimoja juu ya kingine tumfuate. Wakapanga. Vikapanda, vikapanda, mpaka kikapungua kinu kimoja tu kufika. Kijijini hakuna kingine. Bibi akafikiri, akasema: chomoeni kile cha chini kabisa, mkiweke juu.

(Kicheko.)

Mnacheka? Nani humu ndani hajawahi kukopa ili alipe mkopo?

Vinu vikaporomoka, watu wakafa. Lakini msiishie hapo. R. S. Rattray, ofisa wa kikoloni wa Kiingereza aliyeandika habari za Waasante, ambao ni Waakan pia, miaka ya 1920, alikuta kwenye nyua za nyumba kumesimamishwa nguzo ya mti wenye panda, na katikati ya panda hiyo chombo chenye maji. Wanaiita Nyame dua, mti wa Mungu. Mungu kafukuzwa na mapishi, kuparamia kumeshindikana, basi familia inachimbia nguzo uani kwake, pale pale penye kinu, na kazi inaendelea.

Ndugu zangu, hilo ndilo nililokuja nalo leo. Tukisikia neno uumbaji tunauliza: dunia ilianzaje? Ni swali zuri. Ila kwenye hadithi nyingi za Afrika Magharibi kazi ya kuumba inaharibika katikati. Mmoja analewa. Mwingine anatoka kabla ya wakati wake. Mwingine anampiga Mungu na mchi. Na ukitaka kuzielewa, uliza: nani aliharibu, na baada ya pale nani alipewa kazi gani? Nani aliharibu, nani akapewa kazi gani. Shikeni maswali hayo mawili.

Tahadhari kidogo. Nigeria peke yake ina lugha zaidi ya 500. Anayewaambia "Afrika Magharibi inaamini hivi" anawauzia mbuzi kwenye gunia. Mimi nitapita kwa watu wachache tu ambao habari zao nimezisoma kwa muda mrefu, na hata kwao hadithi haiko moja.

Twende Ile-Ife, mji wa Wayoruba, kusini magharibi mwa Nigeria. Wayoruba wanasema hapo mwanzo kulikuwa na anga juu na maji chini. (Maji yalitoka wapi? Hakuna anayeuliza. Hilo nimeliona karibu kila mahali: msimulizi anaanza na maji kama sisi tunavyoanza na "hapo zamani za kale".) Olodumare, mkuu wa wote, akamwita Obatala akampa vitu vya safari: gamba la konokono lililojaa udongo, kuku, kinyonga, na mbegu ya mchikichi. Kuku mwenyewe wa vidole vitano. Kesho ukienda sokoni hesabu vidole vya kuku, wengi utakuta vinne. Wa Ife alikuwa na kimoja cha ziada, kwa sababu kazi ilikuwa kubwa.

Obatala akashika njia. Njiani akakuta pombe ya mchikichi. Watu wa Kigoma mnaijua michikichi, sina haja ya kueleza. Akaonja, akanywa, akalala. Mdogo wake Oduduwa akamkuta anakoroma, akachukua mzigo, akashuka kwa mnyororo kutoka mbinguni. Akamwaga udongo juu ya maji, akamwachia kuku. Kuku akaparura, akaparura, udongo ukatawanyika huku na huku, na kila ulipofika pakawa nchi kavu. Kisha akateremshwa kinyonga. Kwa nini kinyonga? Mtazameni anavyotembea: anainua mguu, anasita, anaujaribu ulimwengu kwanza, ndipo anakanyaga. Wakamba wanamlaumu kinyonga kwamba alichelewa na ujumbe wa uhai, ndiyo maana tunakufa. Ife ule uzito wake ndio ukawa sifa: yeye ndiye fundi wa kupima kama ardhi imeshika.

Obatala akazinduka, nchi imeshaumbwa na mwingine. Aibu! Olodumare hakumtupa. Akampa kazi nyingine, na mimi naiona kubwa kuliko ile ya kwanza: kufinyanga miili ya watu kwa udongo. Yeye anafinyanga, Olodumare anatia pumzi. Akafanya kazi vizuri, mpaka siku kiu ikamrudia. Mikono ikateleza. Siku hiyo wakatoka watu wenye vibyongo, wenye miguu iliyopinda, wenye ualbino.

Sasa ulizeni swali letu. Nani aliharibu? Obatala. Nani alipewa kazi? Obatala huyo huyo. Watu wale ni wake, Wayoruba wanawaita eni orisa, watu wa mungu huyo, na anayewacheka anamcheka aliyewafinyanga. Wafuasi wake wanavaa nyeupe, na pombe ya mchikichi ni mwiko kwao, mpaka leo. Msemo wao mmoja unasema si kosa la mwenye meno ya nje: aliyemuumba ndiye hakumpa mdomo wa kuyafunika.

Nikiwa Mwanza siwezi kuipita hadithi hii kama mtalii. Hapa Kanda ya Ziwa, miaka ya 2000 ikielekea mwishoni, ndugu zetu wenye ualbino walikuwa wanawindwa. Wanakatwa viungo, vinauzwa kwa waganga. Mlioishi hapa mnajua nasema nini. Wakati ule nilikuwa naisimulia sana hadithi ya Obatala darasani, nikidhani nimepata dawa. Kijana mmoja mwenye ualbino akaningoja hadi wenzake wametoka, akaniambia: "Mwalimu, hadithi ni nzuri, lakini mimi sitaki kuwa kosa la mlevi, hata kama mlevi mwenyewe ni mungu." Sikuwa na jibu. Naisimulia bado, lakini sasa naisimulia pamoja na maneno yake.

Na huko huko kwa Wayoruba iko nyingine. Samuel Johnson, mchungaji Myoruba ambaye kitabu chake cha historia kilitoka 1921, anaandika kwa upande wa Oyo, ufalme mwingine wa Wayoruba. Kwake aliyemwaga udongo na kumwachia kuku ni Oranyan, babu wa wafalme wa Oyo. Kuku ni yule yule, maji ni yale yale, ila fundi kabadilika. Kwa nini? Kwa sababu aliyeumba nchi ndiye mwenye nchi, wengine wote ni wapangaji wake. Hiyo ni hati ya shamba, wazee wangu, imeandikwa kwa ukucha wa kuku.

Tunavuka mto Niger, tunaingia kwa Waigbo, mji wa Nri, jimbo la Anambra. Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo nzito kuliko zote, kwa hiyo mtanivumilia.

Chukwu, Mungu mkuu wa Waigbo, alimteremsha mtu anaitwa Eri pamoja na mkewe. Waliposhuka wakakuta nchi yote ni tope, hakuna pa kukanyaga, wakakaa juu ya kichuguu. Picha hiyo iwekeni akilini: baba na mama wa taifa wamekaa juu ya kichuguu kama watu waliokimbia mafuriko. Eri akalalamika. Chukwu akatuma mhunzi wa Awka, kaja na mivukuto yake na mkaa, akavukuta, akavukuta, mpaka nchi ikakauka. Awka ni mji wa kweli, na wahunzi wake walizunguka nchi ya Waigbo na hata nje yake wakifua majembe na visu. Basi mhunzi akigonga hodi kijijini kwako, unamkaribishaje? Unamkaribisha kama mtu ambaye bila yeye ungekuwa bado umekaa kichuguuni.

Eri alipokuwa hai, walikula chakula cha mbinguni, azu igwe. Hakuna kulima wala kupalilia. Eri akafa, chakula kikakatika. Mwanawe Nri akamlilia Chukwu: watu wanakufa njaa. Chukwu akamjibu: mchinje mwanao wa kwanza wa kiume na binti yako wa kwanza, uwazike.

(Kimya.)

Akafanya. Wiki ya Waigbo ina siku nne: Eke, Orie, Afo, Nkwo. Zikapita wiki tatu, siku kumi na mbili. Kwenye kaburi la mvulana kikachipua kiazi kikuu. Kwenye kaburi la msichana yakachipua magimbi. Nri akachimba, akapika, watu wakala wakalala. Walipoamka salama wakajua ni chakula.

Kabla ya hapo, binadamu alikuwa hajui kulima. Nani alilipia? Watoto wawili. Wapo wanaosimulia kwamba walizikwa pia mtumwa wa kiume na mtumwa wa kike, ikaota michikichi na ukwa, mti wa matunda unaofanana na mshelisheli. Hapo nasimama kidogo, maana hata kwenye hadithi ya uumbaji kuna wanaotajwa kama watoto wa fulani na kuna wanaotajwa kama watumwa tu.

Majirani wakaja kuomba mbegu. Nri akasema: hii sikuiokota, nimeinunua kwa damu ya wanangu. Mkiitaka, mtukubali sisi Nri tuwe wa kusafisha nchi. Mtu akiua ndugu yake, akifanya chukizo juu ya ardhi, Nri ndiye ataitwa kuitakasa. Na ilikuwa hivyo kweli, kwa karne nyingi. Watu wa Nri walitembea mbali, vijiji kwa vijiji, na mamlaka yao ilisimama juu ya hadithi hii badala ya jeshi. Mwaka 1911 Waingereza walipomleta Eze Nri, mfalme wa pale, kwenye mahakama ya Awka ili kumvunja nguvu, walimtaka afute miiko aliyokuwa anaisimamia. Walijua walichokuwa wanakigusa. Serikali yenye bunduki ilikuwa inagombana na kiazi.

Nakwenda haraka sasa, naona mzee mmoja anatazama saa.

Wafon wa Benin, kule Abomey. Wanasimulia Mawu na Lisa, pacha. Mawu wa kike, ni mwezi, ni usiku, ni ubaridi. Lisa wa kiume, ni jua, ni mchana, ni kazi. Wanasema Lisa akiadhibu, Mawu anasamehe. Mawu alipozunguka kuumba alibebwa mdomoni na nyoka Aido-Hwedo, na kila walipolala, asubuhi palikuwa na mlima. Mlima ulitoka wapi? Kinyesi cha nyoka. Msicheke sana, ndimo chuma kinamochimbwa. Dunia ilipomalizika ikawa nzito mno, milima, miti, tembo, ikataka kuzama. Nyoka akajikunja chini yake baharini, mkia mdomoni, akaibeba. Huko baharini kuna nyani wekundu wanaomfulia chuma cha kula. Siku chuma kikiisha ataanza kula mkia wake mwenyewe.

Nzuri, siyo? Sasa nani aliipa hadithi hii heshima katika jumba la kifalme? Mfalme Tegbesu alishika kiti 1740 baada ya ugomvi mkubwa wa urithi. Mwanamke aitwaye Hwanjile, mwenye cheo cha kpojito, yaani mama wa mfalme, ndiye anayetajwa kuwaleta Mawu na Lisa Abomey na kuwaweka juu ya miungu mingine. Mwanamke na mwanamume juu mbinguni, mfalme na kpojito hapa chini. Sidhani kama Hwanjile alihitaji kuambiwa hadithi zina kazi gani.

Na wageni nao walichagua wanachokitaka. Mwaka 1658 watawa Wakapuchini wa Hispania walipotayarisha mafundisho ya dini kwa lugha ya Allada, hapo jirani, Yesu walimwita Lisa. Wamisionari wa baadaye wakachukua jina Mawu kuwa Mungu, peke yake, bila pacha wake. Mtu akikwambia "Wafon tangu zamani walimjua Mungu mmoja, Mawu," muulize: Lisa mmempeleka wapi?

Ya mwisho. Majabali ya Bandiagara, Mali, nchi ya Wadogoni. Hapa inabidi niwaonye kuhusu sisi wasomaji. Oktoba 1946 mtafiti Mfaransa Marcel Griaule alikaa siku 33 na mzee Ogotemmêli, mwindaji aliyepofuka bunduki yake ilipomlipukia. Mzee akamwaga hadithi ya ulimwengu, siku baada ya siku, na maelezo yale yakatoka kitabu mwaka 1948, yakazunguka dunia. Baadaye zikaongezwa habari za nyota, watu wakaanza kusema Wadogoni walifundishwa na viumbe wa anga za mbali. Mwaka 1991 Mholanzi Walter van Beek, aliyekuwa amekaa na Wadogoni miaka mingi, akaandika kwamba sehemu kubwa ya hayo hakuyakuta vijijini. Wataalamu wanabishana hadi leo. Mimi naona hivi: mzee mwenye akili nyingi, aliyeulizwa maswali siku 33 na mgeni mwenye hamu, hakosi kutunga kidogo. Mwenye babu mcheshi hapa anajua.

Ila kuna kitu kimoja huko ambacho hakihitaji kitabu, kinaonekana kwa macho. Wanasimulia juu ya Ogo, aliyekuwa ndani ya yai la ulimwengu pamoja na pacha wake. Hakusubiri. Akalipasua na kutoka kabla ya wakati, peke yake, na kipande alichong'oa kikawa dunia hii, kavu, isiyokamilika. Amma, muumba, akamwadhibu: akamgeuza mbweha mdogo wa rangi ya mchanga, anayetembea usiku peke yake, hana tena usemi. Mharibifu wa kwanza wa ulimwengu.

Na kazi gani akapewa?

Jioni, mpiga ramli wa Kidogoni anatoka nje ya kijiji na kulainisha mchanga kwa kiganja. Anachora miraba, mmoja kando ya mwingine: huu wa nyumba, huu wa safari, huu wa ugonjwa, huu wa kifo. Anapanga vijiti na vijiwe, kila kimoja ni mtu au jambo la aliyekuja kuuliza. Juu yake anatawanya karanga. Kisha anaondoka bila kugeuka nyuma.

Asubuhi na mapema anarudi, kabla upepo haujaamka. Mwenye shida anasimama kando, hajalala. Mzee anachuchumaa, anatazama. Nyayo ndogo zimeingia kwenye mraba wa safari, zimefika ukingoni mwa ule wa kifo, zimegeuka. Karanga mbili zimeliwa, moja imebaki.